Jirani Aulizwe Kwanza

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na waliosoma kwangu watashuhudia. Nimefundisha kemia miaka ishirini na sita katika shule moja ya Kizingo, na miaka hiyo yote nilikaa katika nyumba ya shule, chini ya miti mikubwa, kwenye barabara ambayo ukimwona mtu anakwenda kwa miguu unajiuliza gari lake limeharibikia wapi. Nyumba nzuri, sisemi uongo. Ina bustani, maji hayakatiki, na askari yuko langoni. Lakini jirani yangu wa mkono wa kulia sikumjua jina mpaka siku aliyohama, na hata siku hiyo nililisoma tu kwenye masanduku yake.

Mwaka wangu wa kustaafu ulipofika, barua ikaja: nyumba irudishwe mwisho wa muhula wa tatu. Sikushtuka. Akiba nilikuwa nayo, na moyoni nilikuwa nishaamua zamani kwamba nitarudi Mji wa Kale. Nilizaliwa huko, katika chumba cha kupanga, na kabla sijamaliza shule ya msingi tulikuwa tumehamishwa mara nne. Mara mwenye nyumba aoza mwanawe, mara mwenye nyumba ana wageni kutoka Lamu, na sisi huyoo, godoro kichwani. Mamangu alikufa akipanga. Nilitaka, kabla na mimi sijaitwa, nifunge mlango wa Mji wa Kale kwa ufunguo wangu mwenyewe. Sikuwa na tamaa nyingine.

Nyumba niliipata Biashara Street, dukani kwa muuza leso. Nilikwenda kununua doti tatu za arusi ya mpwa wangu, na yule mzee, ambaye namnunulia tangu nikiwa msichana, akaniuliza nastaafu lini. Nikamwambia. Akakunja leso polepole, akasema, "Basi mwalimu, mimi naiuza nyumba ya marehemu mama, kule Mji wa Kale. Wanangu wako Maskati, hawarudi. Nenda ukaitazame."

Nilikwenda siku hiyo hiyo, leso zingali mkobani.

Lo! Nyumba ile! Ghorofa mbili, nyembamba, kuta za mawe unene wake unaweza kukalia dirishani ukakunja miguu na bado usionekane kutoka njiani. Nje jua la saa saba linachoma, ndani pako baridi, na sijasikia feni hata moja. Boriti za dari zimenyooka. Nyuma kuna kisima kilichokatwa na ukuta katikati, nusu yake upande huu, nusu upande wa jirani, ili nyumba zote mbili ziteke maji bila mtu kutoka nje. Juu kuna kijidirisha cha kona, na nilipokuwa nimesimama hapo adhana ya alasiri ikaanza msikiti mmoja, ikadakwa na wa pili, kisha wa tatu, na mimi nikajikuta natokwa na machozi kama mjinga. Kizingo adhana naisikia, lakini ni kwa mbali, ya wenyewe.

Nikaingia kazini. Mwalimu wa kemia hapimi kwa macho. Nilimleta fundi akagonga kila boriti. Nilimleta mpima ardhi. Wakili wangu akaenda kutafuta hati kwenye ofisi ya ardhi, ikapatikana safi. Nikaenda nikauliza wale wanaohifadhi majumba ya kale kama naweza kubadilisha mbao za roshani, wakaniambia rangi naweza, umbo siwezi, nami nikawapenda kwa jibu hilo. Mimi na muuza leso tukatiliana saini barua ya makubaliano, ikabaki ule mkataba wenyewe. Nilijiona hodari sana. Hakuna kitu sikukiuliza.

Katika safari zile, mara tano nilipita mlango wa nyumba ya pili, ile ya kisima kimoja. Mlango uko wazi, pazia la maua limetundikwa, harufu ya iliki na tui la nazi inatoka mpaka njiani. Mara zote tano nilisema "Salaam aleikum" nikipita, nikajibiwa kutoka ndani "Waaleikum salaam, karibu," nami nikasema "Starehe," nikaendelea. Gari nilikuwa nimeliacha Makadara mahali pabaya, katikati ya tuktuk na wauza viazi, na roho yangu ilikuwa huko.

Siku ya kutia saini mkataba, muuza leso alikuja ofisini kwa wakili na kanzu yake ya Ijumaa, akakaa, akaletewa karatasi, asishike kalamu.

"Mwalimu," akasema, "jirani yangu umemuuliza?"

"Kumuuliza nini?"

"Astaghfirullah." Akaweka mkono kifuani. "Kosa ni langu basi. Mimi nilijua ushakwenda kwake. Umekuja kuitazama nyumba mara tano. Mtoto wa Mji wa Kale hapiti mlango wa mtu mara tano bila kuingia. Nikasema, ushamwambia, na yeye ameridhika, ndiyo maana kimya. Kumbe leo alfajiri natoka msikitini, ananiambia, nasikia wauza, mbona mimi sina habari?"

Hapo ndipo nilipokumbuka, na masikio yakanipata moto. Tunaiita shufaa. Nyumba ikiuzwa, mwenzako mnayeshirikiana naye ukuta na kisima huulizwa kwanza, na akiitaka kwa bei ile ile, ni yake kabla ya mtu wa nje. Masheikh wana maneno yao marefu juu ya nani hasa ana haki hiyo na nani hana. Mtaani kwetu hatuwangoji wamalize. Jirani huulizwa. Nimelijua hilo tangu nanyonya. Mgeni wa kutoka bara angeambiwa na dalali siku ya kwanza, lakini mimi nilijiita mwenyeji, na nani atamfundisha mwenyeji?

Badala ya kuona haya, nikapandisha mori. Nilimwambia mzee wa watu maneno ambayo mpaka leo nikipita dukani kwake natazama chini. Nikamwambia barua ameitia saini, nikamwambia muhula unakwisha, nikamwambia mimi si mtu wa kuchezewa. Wakili akakohoa, akasema kisheria barua ile ina nguvu, tukitaka tunaweza kumlazimisha.

Muuza leso hakupandisha sauti. "Sheria iko na wewe, mwalimu, sikatai. Lakini kesho nitakutana na yule mama jirani kisimani... si kisimani, nyumba ile haina mtu tena wa kuteka maji. Nitakutana naye njiani. Na hakimu hatakuwapo."

Nikaondoka. Nilizunguka Fort Jesus kwa gari mara mbili nikisema peke yangu. Mara ya tatu nikaliegesha, nikaenda kwa miguu mpaka kwenye pazia la maua, nikapiga hodi kama watu.

"Karibu, ndoo ndani," sauti ikasema. "Ndiwe mwalimu upitaye mbio?"

Alikuwa mwanamke wa umri wangu au zaidi kidogo, mjane, ameketi kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi. Anapika kwa oda: mkate wa sinia, vibibi, kaimati za Ramadhani, na nusu ya maofisi ya mjini yanakula mkono wake bila kumjua. Hakusimama. Alinielekeza kiti kwa kidevu, akamaliza kifuu chake, akanitilia kahawa, akanisogezea kipande cha mkate wa sinia, ndipo akanitazama.

"Haya. Leo gari umeliacha wapi?"

Nikacheka bila kutaka. Nikamwomba radhi. Nikamweleza yote, mpaka mama na godoro. Akasikiliza akitikisa kichwa, akasema, "Pole mwenzangu. Lakini mimi nina binti. Kaolewa mwaka jana, wakaa chumba kimoja huko Majengo, na ana mimba ya miezi minane. Nyumba hini kama yauzwa, mimi nina la kufikiri. Nipe siku tatu."

Ningeweza kungoja Kizingo. Sikungoja. Siku ya pili nilirudi, nikijiambia naenda kumlainisha. Nilikwenda na sahani ya maembe mabichi ya bustanini. Akaipokea, akayamenya papo hapo, akatia chumvi na pilipili, tukala. Nilipoaga akanirudishia sahani imejaa vibibi. Wakati tunakula, watu wanne walipitisha vichwa kwenye pazia. Mmoja kaleta salamu, mmoja kaomba ndimu, mmoja alitaka kujua mimi ni nani, na wa nne alikuwa anajua tayari, alikuja kunitazama tu. "Huyu ndiye?" akamwuliza. "Ndiye," akajibu mwenyeji wangu, na wote wawili wakanikagua kama kitambaa. Ningekuwa Kizingo ningekasirika. Wallahi, nilifurahi. Miaka ishirini na sita hakuna aliyejishughulisha kunikagua.

Siku ya tatu nilimkuta binti. Mfupi, tumbo limemtangulia, amejishika kiuno anapanda ngazi kumfuatia mamake taulo. Nilipomwamkia aliketi kando yangu kupumua, na akaanza kunihadithia kama vijana wanavyohadithia wakichoka, bila mpango. Akanionyesha ukuta ulio kando ya kabati ya vyombo, ukuta wa ushirika. Chini, usawa wa mkono wa mtu aliyelala, chokaa ilikuwa imebonyea.

"Hapo ni mama na mchi," akasema. "Bibi wa nyumba ya pili, mamake bwana wa leso, alilala kitandani miaka minane. Kitanda chake kilikuwa upande wa pili wa hapo. Akitaka kitu hupiga mara moja kwa bakora yake, mama hujibu kwa mchi, kisha huenda. Kumgeuza, kumwosha, kumpa uji. Bwana wa leso alikuwa akiweka mfanyakazi mchana, lakini bibi alimtaka mama. Hata siku aliyokufa alipiga. Mama aliacha kaimati ndani ya mafuta, zikaungua zote."

"Na alikuwa akilipwa?" nikauliza. Swali la kijinga, lilinitoka.

Binti alinitazama kama nimemwuliza kama hewa inalipiwa. "Ni jirani yake," akasema.

Mimi nilikuwa nimeleta fundi akagonga kila boriti ya nyumba ile. Nilijua mahali penye mchwa na mahali penye unyevu. Kumbe nilichotaka kununua, ile baridi, ile adhana, zile sauti za watu kwenye mapazia, havikuwa vya muuza leso kuuza. Vilikuwa vya huyu mama, alivifanya kwa mikono yake, na mimi nimempita mara tano nikimwambia starehe. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayokufanya utazame vidole vya miguu yako.

Mamake alitoka jikoni akifuta mikono. Akakaa mbele yangu, hakuzunguka.

"Mwalimu, nimeuliza wanangu. Nina dhahabu ya arusi yangu na ndugu zangu watanisaidia. Twaitaka nyumba. Nisamehe."

Barua ya makubaliano ilikuwa mkobani mwangu. Wakili alikuwa amenipigia asubuhi ile ile, akasema nimpe neno tu, ataanza. Muhula ulikuwa umebakisha wiki tano. Nilimtazama yule binti, miguu imemvimba, anajaribu kutonitazama. Nikaitoa barua, nikaichana vipande viwili, kisha vinne. Nikampa mamake ashike, maana sikujua pa kuvitupa.

"Haki yako," nikasema. "Mungu akubarikie."

Nataka niseme niliondoka na moyo mweupe. La. Nililia kutoka Ndia Kuu mpaka kwenye gari, na Makadara nikagombana na dereva wa tuktuk aliyenizibia njia, maskini, nikamtukana kwa makosa ya dunia nzima. Nyumbani nikazima simu nikalala na nguo.

Wiki zilizofuata nilitafuta nyumba kama mtu anayetafuta dawa. Mji wa Kale hakuna kitu. Nyumba za huko haziwekwi tangazo, zinahama kwa midomo, na midomo sikuwa nayo. Mwishowe nikakubali nyumba ya kupanga huko Bamburi, ghorofa ya sita, vioo vitupu, mwenye nyumba yuko Nairobi. Mkataba ulikuja kwa simu, nikatia saini kwa kidole. Hakuna aliyeniuliza mimi nani, mtoto wa nani, napika nini. Nikaanza kupanga vitabu kwenye masanduku, na nikaandika jina langu juu yake kwa kalamu nene, maana mabawabu wa Bamburi hawanijui.

Mara moja moja nilipita dirishani mwa yule mama, sikatai. Nilijisingizia nanunua mkate wa sinia. Nilimwona binti akihamia, magodoro yakipanda. Safari hii magodoro yale sikuyaonea uchungu. Mkwe alikuwa akishindwa na kona ya ngazi, nikamshikia upande mmoja, maana ngazi zile nazijua vipimo vyake vyote. Mtoto alipozaliwa nilipeleka sabuni na doti ya leso, na muuza leso hakutaka nilipie. Alisema tu, "Umefanya jambo, mwalimu," akanitafutia mfuko.

Ilibaki siku nne nihame. Saa nne asubuhi askari wa langoni akanipigia simu: kuna mama hapa, hana gari, hana miadi, hataki kuandika jina kwenye kitabu. Nikajua ni nani kabla hajamaliza.

Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Mji wa Kale mpaka Kizingo, na buibui lake, jua la kaskazi limemkaanga. Amekasirika kama mimi ninavyokasirika.

"Mji gani huu!" akasema akiingia. "Natembea, natembea, hapana baraza hata moja mtu aketi. Watu wote wamo ndani ya magari wananitazama. Nimemwomba mtoto maji kwenye lango akaniuliza namtafuta nani. Namtafuta nani! Natafuta maji!"

Nikamkalisha juu ya sanduku la vitabu, viti vilikuwa vimeshapelekwa. Nikamletea maji akanywa bilauri mbili. Nikamwuliza mtoto mzima? Mzima. Binti? Mzima, anakuamkia. Halafu akaiweka bilauri chini.

"Nyuma ya nyumba yangu mimi, mgongo kwa mgongo, pana mzee. Wamjua, yule wa kofia. Mwanawe yuwamtaka akae naye Likoni, ngazi zimemshinda. Jana kaja kwangu. Kaniambia, nataka kuuza, na wewe ndiwe mwenzangu wa ukuta, nimekuja kukuuliza wewe kwanza."

"Ukamwambiaje?"

"Nimwambie nini? Mimi dhahabu nishauza. Lakini haki ni yangu, si yangu? Basi nikamwambia naitaka. Akashangaa. Nikamwambia, siitaki kwa ajili yangu. Kuna mtu."

Nikaketi juu ya sanduku la pili.

"Ni ndogo kuliko ile," akaendelea, "usije ukalia. Chumba cha juu kimoja. Na choo chataka fundi. Nimekwenda kwa majirani wengine wawili, nao wameulizwa, wameridhika. Yule aliyekuja kukutazama siku ile kasema wewe mkali, lakini ukila hujivuni."

"Mbona hukunipigia simu?" nikamwambia. Nilikuwa nalia na nimekasirika pamoja. "Umetembea jua lote hili! Ungenipigia tu, ningekuja na gari!"

Akanitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza, akisubiri nimalize.

"Mwalimu," akasema, "nimeulizwa namtaka nani awe nyuma yangu mpaka nife, nikakutaja wewe. Hilo nikuambie kwa simu?"